Pini ya Tatu

Tarehe 2 Machi

Daftari hili amenipa binti yangu. Lilikuwa la gereji, na kurasa za mwanzo zina alama za vidole vyenye grisi. Sikuzichana. Ni vidole vyake. Aliniambia, "Mama, maneno yako hayaishi, mengine uwe unayaandika yapumzike." Alikuwa ananitania, lakini mimi kalamu nimeishika kweli. Shule sikukaa sana. Nilitoka nikijua kusoma barua na kuijibu, basi. Ila herufi zangu zinakaa juu ya mstari kama mshono, kwa sababu mimi ni fundi cherehani na mstari kwangu si mchezo.

Naandika kwa sababu binti yangu anatengeneza kitu kabla mvua hazijaanza. Siku kitakaposifiwa, na kitasifiwa, pawe na mahali palipoandikwa kilianza lini na nani alikiona kwanza. Nilikiona mimi.

Tarehe 3 Machi

Nieleze vizuri kwa asiyejua magari, maana hata mimi sikujua.

Binti yangu ndiye anayeendesha gereji ya marehemu baba yake, hapa uani. Wanamwita Nati, kwa sababu alipokuwa mdogo mfuko wa gauni lake ulijaa nati za baba yake mpaka ukatoboka, na mimi nikipiga kiraka kila wiki. Gari analoshughulikia ni la zahanati ya juu mlimani, kuukuu lakini linavuta kwa magurudumu yote manne. Hushusha wagonjwa, hasa wajawazito, kuwapeleka hospitali kubwa huku chini. Nusu ya njia ni mawe na makorongo, nusu ni lami yenye kona.

Mwaka jana, mvua ziliposhika, gari lilining'inia juu ya korongo. Gurudumu moja lilikuwa hewani, linazunguka bure, saa tatu nzima. Mama mmoja alifia humo ndani na mtoto wake tumboni. Gari liliporudi Nati aliliosha mwenyewe, hakutaka msaada. Alipomaliza alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na chai niliyompelekea ikapoa mkononi mwake.

Analaumu stabilaiza. Ni fimbo nene ya chuma iliyolala mbele chini ya gari, inashika gurudumu la kushoto na la kulia yasiachane. Kwenye lami ni rafiki, gari halilali kwenye kona. Kwenye mawe ni adui: gurudumu moja likipanda juu, linalivuta na la pili, nalo linabaki linaning'inia. Nati anataka kuunda viungo vyake mwenyewe vya kufungua kwa mkono. Ukifika kwenye mawe unachomoa pini, magurudumu yanakuwa huru. Ukirudi kwenye lami unachomeka.

"Kama kifungo cha shati, mama," aliniambia.

Kifungo! Hapo nikaelewa kuliko injinia.

Tarehe 9 Machi

Pini ya kwanza imepinda. Aliikata kwenye nondo ya kujengea. Ameitupa juu ya paa la banda. Nimesikia ilivyolia.

Tarehe 10 Machi

Mawingu. Nimeshona sketi sita za shule.

Tarehe 14 Machi

Sasa amechukua bolti ngumu za lori, akazipeleka kwa mkereza vyuma kulainishwa. Zimeng'aa kama vijiko vya harusi. Tatizo: zikipata tope hazitoki. Dereva amepiga nyundo mpaka mshipa wa shingo ukamtoka.

Huyu dereva namweleza leo. Alikuwa rafiki wa marehemu mume wangu, ndiyo maana ananiita shemeji. Watu wanamwita Polepole. Anaendesha kama amebeba mayai ya mtu mwingine. Ukimuuliza jambo anatazama juu kwanza, halafu chini, halafu unakuwa umeshasahau ulichouliza. Nilimwambia Nati, "Gari zuri hivi, mbona halipewi mwanamume mwenye damu?" Nati akasema, "Mama, damu si sifa ya dereva."

Tarehe 18 Machi

Ametanua tundu kidogo, unene wa unywele tu, na kuweka mahali pa kupigia grisi. Pini inaingia kwa kidole na kutoka kwa vidole viwili. Mwishoni ina kitundu cha klipu ili isichomoke yenyewe. Kiungo kikishafunguliwa kinainuliwa na kufungwa juu kwa mkanda, kisije kikagonga tairi au paipu ya breki. Mkanda nimeushona mimi, mishono minne ya kurudia. Kwa hiyo hata mimi nimo humo.

Tarehe 20 Machi

Tumeenda kujaribu kwenye korongo. Nilivaa viatu vya kutokea.

Lami inapoishia pana sakafu ya zege ya ghala lililobomolewa. Nati amemfundisha Polepole kusimama hapo kila safari, kwa sababu gari lisipokaa sawa matundu hayalingani. Kupanda, chomoa. Kushuka, chomeka. Alimfanyisha mara kumi. Mwanamume wa miaka hamsini na kitu analala chali kwenye vumbi kwa amri ya mtoto aliyembeba mgongoni, na wala hakununa. "Sawa, fundi," akasema. Hakusema mwanangu. Alisema fundi.

Halafu wakaingia korongoni. Gurudumu la kulia likapanda jiwe, na la kushoto, lile lile lililobaki hewani mwaka jana, likashuka taratibu kama mguu wa mtu anayetafuta ngazi, likafika chini, likashika. Gari likapita.

Nilipiga vigelegele peke yangu. Mbuzi wa watu wakakimbia.

Tarehe 23 Machi

Mvua imeanza.

Tarehe 24 Machi

Mvua. Nati amefunga kopo la bati kwa skrubu pembeni ya kiti cha dereva. Pini ziko tatu: mbili za kazi, moja ya akiba. "Baba mdogo, hesabu kabla ya kutoka," amemwambia Polepole. Naye anahesabu kwa sauti kama mtoto wa chekechea: moja, mbili, tatu.

Tarehe 27 Machi

Mvua. Mama wa kwanza ameshushwa. Mapacha!

Tarehe 30 Machi

Mvua. Mama wa pili na wa tatu, siku moja. Mkunga wa zahanati amepita hapa kumshika Nati mkono. Nati ameficha mkono nyuma kwa sababu ya grisi. Mkunga akasema, "Ulete hivyo hivyo."

Tarehe 4 Aprili

Mvua. Wamefika saba. Watu husema chema chajiuza. Mimi nasema chema kisiposemewa kitaoza dukani. Nimeshawaambia wateja wangu wote, na muuza mkaa, na mwalimu aliyeleta suruali. Sasa kabaki jirani.

Jirani yangu tunamwita Mama Injinia. Mtoto wake alisoma mbali, na hatuwezi kula mkate hapa mtaani bila kukumbushwa. Nilipomsimulia juu ya viungo vya Nati alivuta midomo akasema, "Ee, ni vizuri. Lakini vya kuchomelea uani ni vya kuchomelea uani, jirani. Mwanangu vitu vyake vinachorwa kwanza."

Sikulala vizuri.

Tarehe 6 Aprili, Jumapili

Leo nimemkomesha.

Gari lilikuwa uani, limeshapigwa grisi. Nati alikuwa kwa mkereza vyuma. Nilifungua mlango wa gari, nikachukua ile pini ya akiba kutoka kwenye kopo. Nilichukua ya akiba kwa makusudi, kwa sababu mbili zinafanya kazi na hii imekaa tu. Niliisugua kwa majivu, nikaifunga kwa kitambaa cheupe, nikaitia kwenye mkoba, nikavuka barabara.

Kwa Mama Injinia walikuwepo wanawake wanne. Nikaiweka juu ya meza, katikati ya vikombe. Nikasema, "Gusa. Ona ilivyolainika. Hiki kipande ndicho kinachozalisha watu."

Wakaipokezana. Mmoja akaipima kwa kiganja akasema, "Nzito kama neno la mkwe." Tukacheka mpaka machozi. Hata Mama Injinia aliishika, akaizungusha, akasema, "Kweli imetulia." Ameyasema mbele ya mashahidi wanne! Tulikaa mpaka mvua ikapungua.

Siku njema kabisa.

Tarehe 7 Aprili

Mvua kubwa. Kola kumi na mbili.

Tarehe 8 Aprili

Gari limeanguka.

Naandika asubuhi ya tarehe tisa lakini siku ni ya jana.

Yalikuwa majira ya alasiri. Polepole alikuwa anamshusha mama aliyeshikwa na uchungu, pamoja na mkunga. Mlimani wamepita salama. Kwenye sakafu ya zege alisimama kama alivyofundishwa. Pini ya kushoto akaichomeka. Ya kulia ikamponyoka kwenye vidole vilivyolowa, ikaangukia mtaroni, na mtaro ulikuwa unakwenda kama mto. Akaingia mpaka magotini kuitafuta. Hakuipata. Akarudi kwenye kopo kuchukua ya akiba.

Kopo halikuwa na kitu.

Haya yote tumeelezwa na mkunga. Mama yule alikuwa analia, anamwambia, "Twende, baba, twende." Polepole akachukua bisibisi, akaichomeka mahali pa pini, akaifunga kwa waya. Kwenye kona ya tatu bisibisi ikavunjika. Kiungo kikashuka kikakata paipu ya breki. Gari likalala ubavu mtaroni.

Mtoto amezaliwa palepale kwenye nyasi, chini ya turubai, mkunga akimpokea kwa mkono mmoja kwa sababu wa pili ulikuwa umevunjika. Wa kike. Yuko hai. Mama yake yuko hai. Polepole paja limevunjika mara mbili, na daktari hajui kama atatembea sawasawa tena.

Nati alirudi amelowa, akasimama mlangoni. Akasema, "Mama, zilikuwa tatu. Niliweka tatu."

Nikamwambia, "Badilisha nguo, utaugua."

Mkoba wangu uko kwenye msumari nyuma ya mlango. Sijaushusha.

Tarehe 9 Aprili

Mvua.

Tarehe 10 Aprili

Mvua. Nati ameenda kupekua ule mtaro kwa mikono.

Tarehe 11 Aprili

Amekagua banda lote. Ameinua kila kopo, amefagia chini ya meza, ameichungulia hadi ndoo ya mafuta machafu. Anahesabu kwa vidole mwenyewe: moja, mbili, tatu. Wakati wa kula aliniuliza, "Mama, mtu anaweza kukumbuka kitu ambacho hakukifanya?"

Nilisema nini? Nilisema, "Umechoka, mwanangu."

Mikono yangu miwili hii ilikuwa inakata nyanya.

Tarehe 13 Aprili

Kamati ya zahanati imekaa. Mwenyekiti ameleta barua mwenyewe. Vitu vya kujitengenezea viondolewe kwenye gari, na gari lisirudi kwenye gereji yetu mpaka waamue. Nati aliisoma akiwa amesimama. Akasema, "Wana haki." Mwenyekiti alitegemea kubishiwa. Alibaki ameshika mwavuli hajui aende au akae.

Wateja wawili wamechukua magari yao. Mmoja alikuja na fundi mwingine akiwa naye kabisa, bila haya.

Tarehe 14 Aprili

Mama Injinia ameleta mkate. Alipofika mlangoni macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye mkoba. Mkate tumeula.

Tarehe 16 Aprili

Mvua. Muuza mashine amemletea Nati mashine ya kuchomelea irekebishwe. Nati akaiunganisha, akaikagua, akaifungua, akaikagua tena, akaifungua tena. Mtu aliyekuwa anafunga injini akiimba. Mwisho akamrudishia akamwambia, "Peleka kwa mwingine, sina uhakika na mikono yangu."

Niliposikia hivyo niliingia ndani nikakaa juu ya kitanda.

Daftari hili nililianzisha kwa majivuno. Nimerudi nyuma nikasoma tarehe sita. "Siku njema kabisa." Ni mwandiko wangu, uko juu ya mstari, umenyooka. Nilitaka kuichana karatasi ile. Ningeweza. Nani angejua? Lakini ukichana ukurasa mmoja kwenye daftari lililoshonwa, na mwenzake wa upande wa pili analegea. Fundi cherehani yeyote anajua hilo.

Tarehe 19 Aprili

Nimeenda hospitali kumwona Polepole. Mguu umening'inizwa kwa kamba na mawe, amekonda. Nilikuwa nimejipanga kuanza kwa pole, na hali, na chakula cha humu. Badala yake nikafungua mkoba, nikaiweka ile pini juu ya shuka.

Alitazama juu. Halafu chini. Safari hii nilisubiri.

"Nilijua, shemeji," akasema.

"Ulijua nini?"

"Ile Jumapili nilikuja kuchukua gari. Nilipita dirishani kwa jirani yako. Niliona mnapokezana kitu kinachong'aa, mnacheka. Nikasema, ngoja nimwache afurahi, atakirudisha, gari nikaliacha palepale uani. Asubuhi ya safari sikuhesabu. Kila safari nilihesabu, siku hiyo mkunga alipiga simu mama yuko vibaya, nikapanda nikaondoka. Kwa hiyo tuko wawili."

"Lakini kamati walipokuuliza ulisema hukumbuki."

"Nikisema mimi, binti atasikia kwa mtu. Jambo la mzazi lisikiwe kwa mzazi." Akaigusa pini kwa kidole kimoja. "Na nisikudanganye. Ningekifunga kile kiungo juu na mkanda wako, nikaenda mwendo wangu, tungefika. Miaka thelathini wananicheka kwa mwendo wangu. Siku moja niliharakisha."

Nikaanza kulia. Akasema, "Shemeji, usinililie mguuni, plasta italowa." Hata hapo alinitania, mtu niliyemwita hana damu.

Nilipoinuka akaniambia, "Nimekuwa nahesabu siku. Leo ya kumi na moja. Nilikuwa nimekupa mpaka ya kumi na nne."

Tarehe 20 Aprili

Nimemwambia Nati. Asubuhi, banda likiwa wazi, kabla sijanywa chochote. Nilimpa pini mkononi, sikuifunga kwa kitambaa.

Aliigeuza mkononi. Akasema, "Umeisugua kwa majivu."

"Ndiyo."

"Niliambiwa na kila mtu kuwa nimesahau. Mpaka mimi mwenyewe nikajiambia."

"Ndiyo, mwanangu."

"Na wewe ulikuwa unanipakulia."

Akaiweka pini mezani, akatoka mvuani bila koti.

Tarehe 22 Aprili

Kamati. Sikualikwa. Nilivaa viatu vile vile vya korongoni nikaingia.

Mwenyekiti akasema, "Mama, tunaelewa uchungu wa mzazi. Umekuja kumtetea binti yako?"

Nikasema, "Nimekuja kumshitaki mama yake."

Nikasema yote. Kopo, majivu, mkoba, vikombe, siku kumi na mbili za kunyamaza. Mimi, ambaye maneno yangu hayaishi, yaliisha upesi. Nikasema kile kitu kilifanya kazi yake mpaka siku kilipopunguzwa, na aliyekipunguza ni mimi, kwa sababu nilitaka kusifiwa.

Mjumbe mmoja akasema, "Kwa pini moja tu?" Mkunga, mkono kwenye bandeji, akamjibu, "Moja hiyo hiyo. Na kabla yake wameshuka wanawake tisa, wote wazima. Mwaka jana hatukuwa na pini yoyote, na mnajua tulimzika nani."

Wakatutoa nje. Tukasubiri. Wakatuita. Gari likishanyoshwa litarudi kwa Nati, viungo vitabaki, ila wamemtaka azifunge pini kwa mnyororo zisiweze kupotea. Kwangu hawakusema kitu. Ningependa wangesema.

Nati alitangulia kurudi nyumbani. Sikumfuata kwa karibu.

Tarehe 25 Aprili

Mvua. Anakula kwenye banda.

Tarehe 28 Aprili

Mvua ndogo. Anakula kwenye banda.

Tarehe 1 Mei

Nimempelekea Polepole suruali niliyoishona upya, mguu mmoja mpana wa kupita plasta, vifungo kuanzia kiunoni mpaka chini. Aliniuliza idadi ya vifungo. Kumi na sita. Akasema, "Ukivihesabu kila asubuhi nitaivaa."

Tarehe 5 Mei

Nati ameingia ndani kuchukua chumvi. Akasema, "Mama, kola ya shati langu imechanika." Akaiacha juu ya cherehani.

Nimeishona mara mbili.

Tarehe 11 Mei

Leo hakuna mvua tangu alfajiri. Gari limerudi, ubavu mmoja una rangi tofauti. Dereva wa muda ni mwanamke, dada yake mkunga, na nimejizuia kutoa maoni.

Nilikuwa kwenye cherehani. Nati akaita kutoka uani, "Mama! Njoo uhesabu."

Nikadhani nimesikia vibaya. Nikatoka na sindano mdomoni.

Alikuwa amefungua mlango wa gari. Pini mbili za kazi zilikuwa chini mahali pake, kila moja na mnyororo mfupi uliochomelewa, hata ukiiachia haiendi mbali. Kwenye kopo ilikuwemo ya tatu, peke yake, haina mnyororo. Bado inang'aa yale majivu yangu.

Nikamuuliza, "Hii mbona hujaifunga?"

Hakunitazama. Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Hiyo nimeifunga kwako wewe," akasema.

Nikainama. Nikahesabu kwa sauti, dereva asikie, na jirani asikie akitaka.

Tarehe 12 Mei

Tatu.

Tarehe 13 Mei

Tatu.